Hogo Halimalizi Maumivu

Kila msimu wa maembe kuna watoto wanaoanguka mtini na kuvunjika mkono. Mtoto akishafungwa hogo, familia hurudi nyumbani ikidhani kazi imekwisha. Siku 2 au 3 za mwanzo ndizo zenye maumivu makali, na kumwambia ajikaze ni kumwonea. Mpeni parasetamoli au ibuprofeni kwa kipimo cha uzito wake kama alivyoelekeza daktari, kwa saa zilizopangwa, bila kungoja alie. Tafiti zimeonyesha kwamba ibuprofeni hutuliza maumivu ya namna hii sawa na mofini ya kunywa, tena bila kumchafua tumbo wala kumlewesha vile. Parasetamoli isizidi mara 4 kwa saa 24. Aspirini asipewe, wala kodeini aliye chini ya miaka 12. Mkono uinuliwe juu ya mito, upite usawa wa moyo.

Kisha vidole. Vikivimba sana, vikipoa, kucha zikipauka, vikifa ganzi, au maumivu yakizidi licha ya dawa, huenda damu haipiti vizuri. Wazazi, msingoje kupambazuke: mrudisheni hospitali usiku huohuo.