Sanduku la Mlungula Lilikuwa na Funguo Mbili

Ndugu zangu vijana, leo nawapeleka mbali, mji wa St. Louis, Marekani, mwaka 1902. Tegeni sikio, maana ujanja wa vigogo hauna uraia.

Kampuni moja ya treni za mitaani ilitaka kibali cha Halmashauri ya Jiji. Kibali kilikuwa na bei yake. Dola 135,000 zikafungiwa benki: 75,000 za wajumbe wa baraza la juu, 60,000 za wale wa baraza la chini. Ufunguo mmoja alishika mtoa mlungula, mwingine mpokeaji. Mwizi hamwamini mwizi mwenzake!

Kabla ulaji haujaiva, amri ya mahakama ikazuia kibali. Waheshimiwa wakadai chao, kampuni ikagoma. Ugomvi ukavuja, gazeti likaandika habari fupi bila majina.

Mwendesha mashtaka wa jiji, Joseph Folk, kijana wa miaka 32, akaisoma. Huyu alichaguliwa mwaka 1900 kwa baraka za Edward Butler, bosi wa chama chake cha Democratic. Butler alidhani kapata mtu wake. Kumbe wapi! Folk akashinikiza masanduku yafunguliwe. Noti zikakutwa humo. Rais wa kampuni akaungama, wengine wakakimbilia Mexico.

Na Butler je? Mwaka huo huo alitiwa hatiani kwa kujaribu kumhonga mjumbe wa bodi ya afya, kisa tenda ya taka. Akapewa miaka 3. Lakini Mahakama ya Juu ya Missouri ikafuta hukumu, eti bodi ile kisheria haikuwa na mamlaka ya kutoa tenda hiyo. Kigogo akarudi nyumbani.

Sasa jiulize, ndugu yangu: nani alimpa Butler jeuri ile? Si matajiri peke yao. Ni walalahoi waliozungushwa vituoni siku ya uchaguzi, mtu mmoja akipiga kura mara kadhaa kwa majina ya wengine. Folk aliwashtaki hata hao, ingawa walikuwa wa chama chake.

Mwaka 1904 wananchi wakamchagua Folk kuwa gavana. Mahakama ilimwachia bosi, lakini kura ilimpandisha aliyemshtaki.

Kwa hiyo ukiambiwa uuze kura kwa bia mbili, kumbuka sanduku lile. Ufunguo mmoja anao kigogo. Wa pili unao wewe. Usipoutoa, hafungui kitu.