Jina la Rangi Ni la Uzi: Kuainisha Rangi za Tartani na za Vitambaa Vyetu

Mada kwa semina ya mafundi cherehani na walimu wa ushonaji, mtaa wa Golf, Lubumbashi

Katika soko la komini ya Kenya hapa Lubumbashi, au lile la Mzee, rangi za vitambaa ni nyingi kuliko majina tuliyo nayo. Fundi anamwagiza mteja alete buluu, mteja analeta buluu isiyolingana na ile iliyokwisha kukatwa, na ugomvi unaanza. Wengi wanaona dawa ya ugomvi huo ni kuongeza majina: buluu ya anga, buluu ya bahari, buluu ya usiku, hadi kila ukolezi uwe na lake. Mada hii inatetea njia ya kinyume. Majina ya kuainishia rangi yawe machache, yataje kile kilichotiwa rangi na si kila kinachoonwa na jicho, na suala la ukolezi lishughulikiwe kando, kwa njia nyingine. Ushahidi wa kwanza unatoka mbali, Uskoti, kwa sababu huko watu wamelitolea jasho swali hili kwa vizazi kadhaa. Kitambaa chao cha miraba huitwa tartani. Wafaransa hukiita ekose.

Tartani haichapwi, hufumwa. Nyuzi za mtande hupangwa kwa utaratibu wa rangi fulani, kisha nyuzi za mshindio hufuata utaratibu uleule zikikatiza, kila uzi ukipita juu ya nyuzi mbili na chini ya mbili. Mahali uzi mwekundu unapokutana na mwekundu, rangi hubaki safi. Unapokutana na wa kijani, huzaliwa rangi ya tatu ambayo hakuna aliyeitia katika sufuria. Hesabu yake ni rahisi: kitambaa chenye nyuzi za rangi sita kinalionyesha jicho rangi 21, yaani sita safi na 15 za mchanganyiko. Mfumaji hazitaji kabisa hizo 15. Katika daftari lake huandika herufi ya rangi na idadi ya nyuzi, tuseme R32 G8 K4 Y4: nyuzi 32 nyekundu, nane za kijani, nne nyeusi, nne za manjano. Herufi B ilikwisha kuchukuliwa na buluu, ndiyo maana nyeusi ikapewa K; kijivu ni N na kahawia ni T. Kwa herufi hizo chache, mtu aliye mbali anaweza kufuma upya kitambaa ambacho hajawahi kukiona. Asingeweza kufanya hivyo kama angepewa orodha ya rangi 21 zilizoonwa na jicho, hata orodha hiyo ingekuwa na majina matamu kiasi gani.

Mtu anaweza kusema kwamba Waskoti wenyewe wamekwisha kuacha njia hiyo. Sheria iliyopitishwa na Bunge la Uskoti mwaka 2008 ilianzisha daftari rasmi la tartani, likafunguliwa Februari 2009, na humo herufi ya rangi huambatana na namba ya kompyuta. Nyekundu ya kawaida, kwa mfano, huandikwa C80000. Je, si namba ndiyo inayotawala sasa? La. Namba ile ni ya kuchorea picha kwenye skrini. Mfumaji akichukua tartani ileile anaweza kuifuma kwa nyuzi zilizokolea, ambazo biashara huziita za kisasa, au kwa nyuzi hafifu ziitwazo za kale, au kwa nyuzi zilizopauka mithili ya nguo iliyozikwa ardhini. (Hizo “za kale” hutoka kwenye kiwanda cha leo kama zile nyingine, ni jina la dukani.) Chukua tartani ya kikosi cha Black Watch, yenye buluu, nyeusi na kijani. Ikifumwa kwa nyuzi zilizokolea, kwa mbali utadhani ni nyeusi tupu. Ikifumwa kwa nyuzi hafifu, buluu yake inakaribia anga na kijani chake kinakaribia jani changa. Ukiviweka vipande hivyo viwili mezani, mgeni atasema ni vitambaa viwili tofauti, lakini mjuzi atasema vyote ni Black Watch. Kitakachoivunja tartani hiyo ni kuweka manjano mahali pa kijani, au kuhamisha nyeusi kutoka mahali pake. Kitambaa kinatambulika kwa kundi la rangi na mpangilio wake. Isingewezekana iwe vinginevyo kwa kitambaa kilichokuwako kabla ya 1856, mwaka ambao mwanakemia William Perkin alipata rangi ya kwanza ya kemikali, kwa kuwa kabla ya hapo wekundu ulitoka kwenye mizizi au wadudu, buluu kwenye nili, kahawia kwenye kuvu ya mawe, na sufuria mbili za mti mmoja hazikutoa ukolezi mmoja.

Tukirudi nyumbani, kanuni hiyohiyo tunaiishi bila kuiandika. Sare ya wanafunzi wa Kongo ni bleu-blanc, buluu na nyeupe, kutoka Lubumbashi hadi Kinshasa. Tazama asubuhi watoto wakipita Golf kwenda shule: sketi moja ni ya buluu nzito, suruali ya pili imepaukia kijivu kwa kufuliwa, ya tatu imeshika vumbi jekundu la Katanga mpaka magotini. Hakuna mwalimu anayewarudisha wote nyumbani kwa sababu buluu zao ni tatu. Atakayerudishwa ni aliyevaa kijani. Huko pwani nako kuna kisutu, kanga ya harusi, ambayo ni nyekundu, nyeusi na nyeupe. Wekundu wake hutofautiana kiwanda kwa kiwanda, na bado bibi arusi anajua kisutu ni kipi. Hata Katiba yetu ya 18 Februari 2006 inaeleza bendera kwa maneno tu: buluu ya anga, nyota ya manjano, ukanda mwekundu uliozungushiwa manjano. Haikutaja namba. Waskoti, kwa upande wao, waliishi na bendera yao kwa karne nyingi, buluu yake ikiwa mara ya anga, mara nzito kama wino, hadi mwaka 2003 kamati ya bunge lao ilipopendekeza namba 300 ya orodha ya rangi ya Pantone. Bendera zilizoshonwa kabla ya pendekezo hilo hazikugeuka kuwa za nchi nyingine.

Pingamizi linalosikika zaidi ni kwamba Kiswahili chenyewe ni maskini wa rangi, hivyo tuache Kifaransa kifanye kazi. Ni kweli kwamba vivumishi vyetu vya asili ni vitatu, -eusi, -eupe na -ekundu, na vingine tumeviazima kwenye vitu: kijani kwenye majani, kijivu kwenye majivu, kahawia kwenye kahawa, zambarau kwenye tunda lake. Watafiti Brent Berlin na Paul Kay, katika kitabu chao cha 1969, waliona mpangilio wa namna hiyo katika lugha nyingi: nyeupe na nyeusi hutangulia, nyekundu hufuata, kisha kijani au manjano, ndipo buluu. Wamepingwa kwa mengi tangu hapo, hasa kwa jinsi walivyokusanya ushahidi, lakini kwamba nyekundu huja mapema ni jambo ambalo wengi bado wanalikubali. Karibu nasi zaidi, mwanaanthropolojia Victor Turner alieleza katika miaka ya 1960 jinsi Wandembu wa Mwinilunga, ndugu wa Walunda ng’ambo ya mpaka wa Zambia, walivyopanga matambiko yao kwa rangi tatu hizohizo, nyeupe ya udongo mweupe ikiwa na wekundu na weusi kando yake. Watu walioweza kupanga uzazi, ugonjwa na kifo kwa rangi tatu hawakuwa na macho mabovu. Jina pana la rangi hubeba mengi, na katika uainishaji upana huo una faida: kadiri makundi yanavyopungua, ndivyo watu wawili wanavyozidi kukubaliana kitambaa kiko katika kundi lipi.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa mafundi wenyewe. Kwa familia inayoshona kikwembe kimoja kwa ajili ya harusi, kundi la rangi halitoshi. Kipande cha bunda la pili kikitoka kwenye bafu jingine la rangi, mstari utaonekana kwenye picha. Hilo sibishani nalo. Ila jina halitatibu tatizo hilo hata liwe refu namna gani, kwa kuwa watu wawili husikia “buluu ya bahari” na kila mmoja akaona bahari yake. Namba nayo husaidia kiwandani, lakini inaeleza kitambaa siku kilipotoka kwenye bafu, kabla ya jua, sabuni na pasi. Tena kuna vitambaa viwili vinavyolingana chini ya taa ya duka na kutofautiana vikifika juani. Dawa ya fundi ni ileile anayoijua: kipande kidogo cha kitambaa chenyewe, kilichokatwa pembeni na kubandikwa kwenye daftari la oda, na mteja akilinganishe mlangoni, kwenye mwanga wa mchana. Jina liseme kundi, kipande kiseme ukolezi.

Kuna atakayeuliza kama hoja ya uzi inafaa kwa kikwembe, ambacho huchapwa. Inafaa, mradi mahali pa uzi tuweke bafu na chapa. Katika kikwembe cha waksi halisi, kama ile inayotengenezwa Helmond, Uholanzi, na kampuni ya Vlisco iliyoanza mwaka 1846, utomvu huzuia nili isiingie mahali fulani, kisha rangi nyingine hufuata zamu kwa zamu. Utomvu ukipasuka, nili hupenya kwenye nyufa na kuacha mishipa myembamba ambayo hairudii umbo lake kwenye mita inayofuata. Manjano ikipita juu ya nili hafifu, jicho huona kijani. Hapo kanuni ya mfumaji ndiyo inayotuokoa: hesabu rangi zilizotiwa, acha zilizojizalia. Kwa zile chapa za bei nafuu zenye rangi zilizomwagika kama maua ya shambani, nakiri kazi ni ngumu, na ningetaja rangi ya ardhi ya kitambaa na zile mbili zinazoizidi nguvu, basi.

Yabaki maandishi ya daftari lenyewe, kama siku moja chama cha mafundi au jumba la makumbusho la hapa litataka kuandika vitambaa vya mji huu. Tukitumia herufi za kwanza tutakwama, kwani nyeusi, nyeupe na nyekundu zote huanza na N, na kijani, kijivu na kahawia zote huanza na K. Napendekeza tuchukue herufi inayosikika na isiyogongana: S kwa nyeusi, P kwa nyeupe, D kwa nyekundu, B kwa buluu, J kwa kijani, M kwa manjano, H kwa kahawia, V kwa kijivu, Z kwa zambarau, C kwa rangi ya machungwa. Kisutu basi kitaandikwa kwa D, S na P. Kipimo cha kuongeza kundi jipya kiwe kimoja: je, watu wanakubali kuiita rangi hiyo kwa jina la kundi lililopo pamoja na neno hafifu au iliyokolea? Rangi ya anga inakubali. Hakuna anayekataa kwamba ni buluu, na sare za shule zinathibitisha. Waridi haikubali, mwambie bibi arusi kwamba gauni lake ni jekundu hafifu uone atakavyokujibu. Kwa hiyo ipewe W yake. Ile nyekundu nzito ambayo hapa tunaiita bordeaux, na watu wa pwani huiita damu ya mzee, sina hakika nayo. Vipande vyake vimo katika bahasha zilizo mezani, na ningependa kikao cha mchana kianze kwa kuipigia kura.