Mwita Chacha Ni Jina Kamili

Mzazi kijana anayetafuta jina la mtoto wa kiume siku hizi huuliza mambo mawili kabla ya mengine yote: jina hili lina maana gani, na je, mtaani kwetu kuna mwingine analo? Akiambiwa lina maana nzuri na halijasikika, analichukua. Akiambiwa darasani wapo watano, analiacha. Kwa kipimo hicho majina ya Wakurya hapa Turwa, na Tarime yote hadi Serengeti, yameshindwa hata kabla ya kushindanishwa. Mwita, Chacha, Marwa, Ryoba, Matiko, Wambura: haya ndiyo yanayojaza daftari la mahudhurio katika shule za wilaya hizi, na ukivuka Sirari kuingia Isebania unayakuta vilevile kwa Wakurya wa Kenya. Mimi nasema kipimo hicho ni kibovu. Mtoto anayeitwa Mwita Chacha Marwa amepewa jina kamili, linalomtofautisha na wenzake na kumtambulisha kwa watu wake, wala halisubiri kusindikizwa na jina la kigeni ndipo lipate heshima.

Hebu tutazame kwanza Hispania, kwa sababu huko walikumbana na jambo hilihili. Kwa karne nyingi wavulana wa Kihispania walipewa majina kutoka katika orodha fupi ya watakatifu: José, Juan, Francisco, Antonio, Manuel. Wenye majina hayo walipozidi kuwa wengi, Wahispania hawakuyatupa. Waliyaunganisha mawili mawili yakawa jina moja: José Luis, Juan Carlos, Francisco Javier. José María ni mwanamume, ingawa María peke yake ni jina la mwanamke. Juan de Dios, yaani Yohane wa Mungu, limetokana na mtakatifu aliyezaliwa Ureno mwaka 1495 na kufia Granada mwaka 1550. Sheria yao ya usajili inamruhusu mzazi kuandika jina moja la kuunganishwa au majina mawili ya kawaida, asizidishe hapo, kisha yanafuata majina mawili ya ukoo, la baba na la mama. Idara yao ya takwimu hutangaza idadi ya watu wenye kila jina, mradi wafike angalau 20 nchi nzima. Kwa hiyo José ni jina la watu wengi mno, lakini José aliyeunganishwa na jina lisilozoeleka anaweza asionekane kabisa katika orodha hiyo. Uadimu hauko katika jina lenyewe. Uko katika muungano wake na jingine.

Wakurya wamefanya vivyo hivyo kwa njia yao, tena bila kuhitaji sheria. Mtoto anabeba jina lake, la baba yake na la babu yake. Tufanye hesabu ya kudhania tu: ukoo una majina 30 ya kiume. Ukiyapanga mawili mawili, yaani la mtoto na la baba, unapata mipangilio 900. Ukiongeza la babu, unapata 27,000. Majina 30 yangetosha kutofautisha maelfu ya wavulana, kama yangegawanywa sawasawa. Hayagawanywi sawasawa, nakubali, kwani akina Chacha na akina Marwa ni wengi kuliko wengine. Hata hivyo tazama mambo yanavyokwenda. Chacha Wangwe, aliyekuwa mbunge wa Tarime tangu 2005 mpaka alipofariki kwa ajali ya gari Julai 2008, alikuwa Chacha mmoja kati ya akina Chacha wasiohesabika. Ukitaja majina yake mawili pamoja, nani nchini alikuwa akiuliza ni Chacha yupi?

Lipo jambo linalopunguza nguvu ya hesabu hiyo, nalo kwangu ndilo lenye uzito zaidi. Mtoto hupewa jina la mzee wa ukoo, mara nyingi la babu yake. Chacha anamzaa Marwa, Marwa anamzaa mwana na kumwita Chacha, na huyo mdogo anaandikwa Chacha Marwa Chacha. Akikua na kupata mwana, atakuwepo Marwa Chacha Marwa. Jina linarudi. Anayesaka uadimu ataona hapa upungufu. Mimi naona ndiyo kazi yenyewe ya jina. Wakurya hawarudishi majina ya watoto peke yake, hata vizazi vyao vinarudi kwa jina. Mtaalamu wa anthropolojia Malcolm Ruel aliandika juu ya mpangilio huo mwaka 1962: majina manane ya vizazi katika mizunguko miwili, kila mzunguko majina manne, mwana akiingia kizazi kinachofuata kile cha baba yake, na mzunguko ukikamilika jina la kwanza linaitwa tena. Jamii iliyopanga hata vizazi vyake namna hiyo haiwezi kuona aibu kwamba babu na mjukuu wanaitikia wito mmoja. Na kama mtu anadhani suala la jina la nyumba kuendelea ni dogo kwa watu hawa, akumbuke desturi ya nyumba ntobhu, ambapo mwanamke asiye na mtoto wa kiume humwoa mwanamke mwenzake ili watoto watakaozaliwa wabebe jina la nyumba yake. Desturi hiyo ina maswali yake mazito juu ya haki za binti anayeolewa, na siitetei hapa. Naitaja kwa kuwa inaonyesha watu walikuwa tayari kufika wapi ili jina lisikatike.

Sasa tuje kwenye maana. Wambura ni jina la mvua. Majirani zetu Wajaluo wa Rorya, wilaya iliyomegwa kutoka Tarime mwaka 2007, humwita Okoth mvulana aliyezaliwa mvua ikinyesha. Na kule Butiama, kwa Wazanaki, mtoto aliyezaliwa Aprili 1922, Mwalimu Nyerere wa baadaye, aliitwa kwanza Mugendi, kisha jina likabadilishwa kwa ushauri wa mganga akawa Kambarage, jina la pepo wa mvua. Baba yake, Nyerere Burito, naye jina lake linatokana na viwavi waliovamia nchi wakati wa kuzaliwa kwake. Hizi ni jamii tatu, na lugha ya Wajaluo haina udugu wowote na Kikurya wala Kizanaki, lakini zote zimeiandika mvua katika majina ya wana wao. Hakuna aliyejiuliza kama kiwavi ni kitu kizuri cha kumwita mtoto. Jina lilishika tukio, likamshika na mtu, baadaye likaacha kuwa habari ya viwavi likawa habari ya mzee Nyerere na wanawe. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema Mwita ni jina baya kwa kuwa mzizi wake katika Kikurya unahusu kuua. Wengine, kwa nia njema, wanalitetea kwa kulisoma kwa Kiswahili na kusema ni mtu anayeita. Utetezi huo hauhitajiki. Mtoto wa leo anaitwa Mwita kwa sababu babu yake aliitwa Mwita, na maana ya jina hilo kwake ni yule babu.

Wapo watakaosema jina la ubatizo lazima liwe la mtakatifu, na kwa hiyo Mwita hana budi kuwa Mwita wa nyumbani na Emmanuel wa karatasini. Zamani hoja hiyo ilikuwa na msingi. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1917 iliwaagiza mapadre wahakikishe anayebatizwa anapewa jina la Kikristo, na ni chini ya sheria hiyo Kambarage alibatizwa Desemba 1943 na kuitwa Julius. Lakini sheria mpya ya mwaka 1983, kanuni ya 855, inataka tu wazazi, wasimamizi na paroko waangalie lisitolewe jina lililo kinyume na hisia za Kikristo. Jina la mvua au la babu mwema haliko kinyume na hisia hizo. Kwa hiyo anayemtanguliza Emmanuel afanye hivyo kwa kupenda, na ni haki yake, ila asiseme amelazimishwa. Julius mwenyewe hakumfuta Kambarage, na dunia nzima ilijifunza kuyatamka majina yote matatu kwa mpangilio wake.

Pingamizi jingine linatoka ofisini: majina yanayofanana yanavuruga kumbukumbu za benki, za mitihani, za mikopo. Kwa sehemu kubwa kazi ya kutofautisha watu imeshapewa namba. Namba ya kitambulisho cha taifa ina tarakimu 20, nane za mwanzo zikiwa tarehe ya kuzaliwa, na mtahiniwa wa darasa lolote la mitihani ana namba yake. Mashine haihitaji jina adimu. Kinachotuumiza sisi hasa ni tahajia. Ryoba hapa, Rioba pale. Bhoke na Boke, Ghati na Gati. Marwa kwa hawa, Maroa kwa wale. Marwa Ryoba Chacha, aliyechaguliwa mbunge wa Serengeti mwaka 2015, na Dk. Ayub Rioba Chacha aliyeteuliwa kuiongoza TBC, wanabeba jina moja la katikati lililoandikwa kwa namna mbili, na hakuna aliyekosea, kila mmoja ana maandishi ya nyumba yake. Tabu inaanza pale mtu mmoja anapoandikwa Ryoba kwenye cheti cha kuzaliwa na Rioba kwenye cheti cha shule, kisha analazimika kula kiapo kwa wakili ili kuthibitisha kuwa yeye ni yeye.

Pingamizi moja nalikubali. Mnyororo huu ni wa wanaume watupu. Mhispania anabeba jina la mama yake mpaka kaburini, Mwita Chacha Marwa habebi. Na tusiseme mila haimjui mama: katika mji wenye wake zaidi ya mmoja, kila mama ana nyumba yake na watoto wanajulikana kwa nyumba hiyo. Ni karatasi iliyomwacha nje, na sioni sababu ya mzazi wa leo kutomweka mama, Bhoke au Wankuru, mahali fulani katika jina la mwanawe akitaka.

Basi mzazi wa Turwa unayekwenda wiki hii kumwandikisha mtoto, usimwache babu nyumbani kwa hofu kwamba jina lake ni la wengi. Litangulize, likifuatiwa na la baba na la babu yake mzaa baba. Mkubaliane nyumbani tahajia moja, muiandike kwenye kikaratasi, na mtumishi wa usajili aifuate herufi kwa herufi. Mwalimu wa darasa la kwanza naye asimkate Mwita Chacha Marwa akabaki Mwita M. kwa kubana nafasi ya daftari. Aliandikishwa na majina matatu, na aitwe kwa yote matatu.