Kompyuta Ikiwa Nzito, Ipime Kabla ya Kutoa Pesa

Maelezo haya yalitolewa na afisa wa mawasiliano wa kaunti alipozungumza na wakazi kuhusu matumizi ya kompyuta nyumbani. Yamefupishwa kidogo kwa ajili ya jarida hili.

 

Leo tunazungumza kuhusu kompyuta ya nyumbani iliyogeuka kuwa nzito. Unaiwasha, unaenda kuteka maji, unarudi, bado inazungusha kiduara. Mimi nilisomea uanahabari, si uhandisi. Lakini kazi yangu ni kujibu maswali ya wakazi kuhusu huduma za mtandaoni, na swali hili huja mara nyingi likiwa limejificha ndani ya jingine. Mtu analalamika kwamba tovuti ya serikali imekwama, kumbe tovuti ni nzima na ni mashine yake inayohema.

Ninachowaomba ni msilipie dawa kabla ya kuujua ugonjwa. Fundi mmoja atakuambia ifomatiwe. Mwingine atakuambia imezeeka, tafuta nyingine. Huenda wote wawili wamesema hivyo kabla hawajaifungua. Kufomati kunafuta picha za arusi, kazi ya shule ya mtoto na ile nakala ya hatimiliki uliyoihifadhi humo. Kununua nyingine nako kunakula karo ya muhula. Ilhali sababu za uzito ni chache na zinajulikana, na kompyuta yenyewe iko tayari kukueleza ni ipi, bila malipo, ndani ya dakika kumi.

Kwa nini kaunti ishughulike na kompyuta ya sebuleni kwako? Kwa sababu mambo mengi yamehamia humo. Cheti cha kuzaliwa unakiomba kupitia eCitizen. Ripoti ya kodi ya KRA ina mwisho wake, Juni 30. Kijana aliyemaliza kidato cha nne anahitaji KUCCPS na HELB. Mashine ya nyumbani ikilemaa, familia inaenda saiba, na huko watu huacha vyeti vyao kwenye folda ambayo mteja anayefuata ataifungua bila hata kutafuta. Kuna pia vijana wetu wanaopata riziki mtandaoni. Kwao, dakika kumi za kungoja ni mshahara unaokatwa.

Tuanze na lililo jepesi. Wengi tunaamini kwamba tukiizima kompyuta jioni na kuiwasha asubuhi, imeanza upya. Si lazima iwe hivyo. Tangu Windows 8, kompyuta nyingi unapobonyeza "Shut down" huhifadhi sehemu ya hali yake kwenye diski ili ziamke haraka kesho yake. Uchafu wa jana unaamka nazo. Anayetaka ianze upya kweli abonyeze "Restart". Inashangaza, lakini ndivyo ilivyo, na kuna watu ambao tatizo lao linaishia hapo.

Likiendelea, bonyeza vitufe vitatu kwa pamoja: Ctrl, Shift na Esc. Litafunguka dirisha liitwalo Task Manager. Likija dogo, bonyeza maneno "More details". Utaona safu za asilimia: CPU, ambayo ni prosesa, yaani ubongo wa mashine, Memory, ambayo ni kumbukumbu tunayoiita RAM, Disk, na Network. Usiangalie mara tu unapowasha, maana dakika chache za mwanzo kila kompyuta huwa na pilkapilka. Ngoja kama dakika kumi, kisha ufungue vitu unavyovitumia kila siku na uangalie ni safu ipi inayokaribia mia moja na kubaki hapo. Huyo ndiye mgonjwa.

Nifafanue tofauti ya RAM na diski, kwa sababu hapo ndipo watu wengi huuziwa kitu wasichokihitaji. Mfikirie mama mboga. Juu ya meza ya kibanda amepanga nyanya, vitunguu na sukuma wiki za kuuza sasa hivi. Nyuma yake kuna magunia. Meza ni RAM, magunia ni diski. Meza ikiwa ndogo, kila mteja akija mama lazima ainame kwenye gunia, arudishe hiki, atoe kile. Mikono yake ina kasi ileile, lakini foleni inakua. Kompyuta yenye RAM ndogo hufanya vivyo hivyo: meza ikijaa, inaanza kuitumia diski kama meza ya pili, na diski ni ya polepole zaidi.

Sasa gunia lenyewe. Kompyuta nyingi majumbani mwetu hazikununuliwa zikiwa mpya. Zilitumika ofisini ng'ambo kwa miaka kadhaa, zikasafishwa, zikauzwa tena. Sioni ubaya wowote. Nyingi ni imara kuliko mpya za bei ya chini. Ila za umri huo aghalabu zina diski ya kuzunguka. Ndani yake kuna sahani inayozunguka, kwa laptopu nyingi mara 5,400 kwa dakika, na mkono mwembamba unaokimbia huku na huko kusoma. Ukisoma filamu moja ndefu, mkono huo unaenda sawa. Lakini Windows ya siku hizi inataka maelfu ya vipande vidogo kutoka pande zote kwa wakati mmoja, na hapo mkono unachoka. Diski ya aina ya SSD haina kitu kinachozunguka wala mkono wa kukimbizana. Hufikia kipande chochote karibu papo hapo.

Jirani yangu ni mwalimu, na laptopu yake ni ya namna hiyo: RAM ya GB 4, diski ya kuzunguka ya GB 500. Alikuwa ameshaambiwa kwamba imekufa, atafute nyingine. Tulipofungua Task Manager, prosesa ilikuwa chini ya kumi kwa mia, yaani ubongo umekaa kivulini. RAM ilikuwa juu kidogo ya sabini. Diski, mia moja, ikakaa hapo robo saa nzima bila sisi kugusa chochote. Alinunua SSD ya GB 240, fundi akahamisha kila kitu, na baadaye akaongeza RAM ikafika GB 8. Mashine iliyokuwa ikichukua dakika kadhaa kuamka sasa inaamka kabla hajavuta kiti. Ni kompyuta ileile. Kilichobadilika ni gunia na meza.

Kujua yako ina diski gani, bonyeza "Performance" katika dirisha hilohilo. Windows za karibuni huandika HDD kwa diski ya kuzunguka, au SSD. Hapohapo utaona RAM ni GB ngapi na nafasi zake ngapi zimetumika. Kabla ya kununua RAM uliza aina, kwani DDR3 haiingii penye DDR4, na kwenye laptopu nyingine RAM imeunganishwa moja kwa moja na ubao, haiongezeki. Tena, kama Windows yako ni ya biti 32, haitatumia zaidi ya GB 4 hata ukiiwekea nane. Usikubali kuuziwa hewa.

Si kila mtu atahitaji kununua kitu. Katika Task Manager kuna palipoandikwa "Startup", au "Startup apps". Hiyo ni orodha ya programu zinazojiwasha kila kompyuta inapoamka: za kupiga simu za video, za kupakua nyimbo, za printa uliyoigawa zamani. Zima zile unazozijua na usizozihitaji mara moja. Kuzima hapa hakufuti programu. Ukiihitaji utaifungua mwenyewe. Usiguse kitu ambacho hukitambui.

Kivinjari nacho ni mlaji mkubwa. Vichupo thelathini vilivyo wazi ni vikombe thelathini juu ya meza ndogo. Pia angalia viongezi mlivyoviweka humo, hasa ambavyo hamkumbuki kuviweka. Na matangazo yanayochomoza pembeni yakisema kompyuta yako ina virusi, piga namba hii, mara nyingi yanatoka kwa tovuti uliyoiruhusu kukutumia arifa. Iondolee ruhusa hiyo kwenye mipangilio. Namba usipige.

Kuhusu virusi vya kweli, niseme wazi jambo ambalo wengine hawapendi kulisikia. Programu za kulipia zilizopatikana bure na vile viwezeshi vya kuivunja Windows ni mlango mkubwa wa wadudu, na baadhi yao kazi yao ni kuitumia prosesa yako kumtajirisha mtu mwingine. Ukiona CPU iko tisini na hujafungua chochote, hilo lichunguzwe. Flashi inayozunguka kutoka saiba hadi shule hadi nyumbani ni mlango wa pili. Windows 10 na 11 zina kinga yao ya ndani isiyolipiwa, na kwa mtumiaji wa nyumbani inatosha, mradi inasasishwa. Kuweka kinga mbili hakuongezi usalama. Zinapigania kukagua faili zilezile, na mashine ndiyo inayoumia.

Kuna sababu mbili ambazo haziko kwenye asilimia hizo. Ya kwanza ni joto. Prosesa ikipata moto hujipunguzia kasi ili isiungue. Vumbi likiziba feni, au laptopu ikiwekwa juu ya kitanda na kuzibwa matundu ya chini, itaanza vizuri na kuzorota baada ya nusu saa. Isafishwe, iwekwe juu ya kitu kigumu. Ya pili ni chaja. Baadhi ya laptopu, za Dell zikiwamo, zikishindwa kuitambua chaja huonya kwenye skrini zinapowaka, kisha hupunguza kasi na kukataa kuchaji betri. Mtu amenunua chaja ya bei rahisi, anabonyeza kitufe kuupita ule ujumbe kila asubuhi, halafu anauliza kwa nini mashine inatambaa.

Na pengine kompyuta haina kosa lolote. Fungua barua uliyoiandika, isiyohitaji intaneti. Ikifunguka upesi lakini tovuti zinasota, tatizo ni mtandao, au ni tovuti yenyewe imelemewa. Usiku wa Juni 30 hata kompyuta mpya itakuonyesha kiduara.

Mmeuliza sana kuhusu Windows 10. Microsoft iliacha kuitolea masasisho ya kawaida ya bure Oktoba 14, 2025. Haikuzimika, wala tarehe hiyo peke yake haiifanyi iwe nzito, lakini matundu mapya ya usalama hayazibwi kama zamani, na hilo ni hatari kwa anayeingia benki au M-Pesa kupitia kompyuta. Windows 11 inataka angalau RAM ya GB 4 na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na mashine nyingi za zamani hazikubaliwi. Kwa hizo, njia ya heshima ni mfumo wa Linux, kwa mfano Linux Mint, ambao ni wa bure na huenda vizuri kwa kuandika barua na kuingia kwenye tovuti. Programu za Windows ulizozizoea hazitakuwepo zote, kwa hivyo ujaribu kwanza ukiwa kwenye flashi kabla ya kuuweka.

Tumalizie kwa fundi, maana wengine mtamhitaji, na mafundi wazuri tunao. Kabla hujampelekea, nakili faili zako muhimu kwenye diski ya nje. Kama diski inagonga-gonga au faili zinakataa kufunguka, fanya hivyo leo, usisubiri mwisho wa mwezi, kwa sababu hizo ni dalili za diski inayokufa. Mwambie fundi ulichokiona: safu gani ilikuwa mia, tangu lini. Mwulize anabadilisha nini na kwa nini. Usimpe nywila ya barua pepe wala ya eCitizen. Kuiona RAM hakuhitaji nywila hizo.

Akikuwekea SSD, dai diski yako ya zamani urudi nayo nyumbani. Humo mna vitambulisho vyenu, cheti cha PIN, pengine na vya watoto. Kufomati kwa haraka hakuvifuti kabisa. Mwenye ujuzi huvirudisha. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inakupa haki juu ya taarifa zako, lakini ni rahisi zaidi kuondoka na diski mkononi kuliko kuifuata baadaye.

Haya, walio na laptopu zao waziwashe. Ctrl, Shift, Esc, kwa pamoja. Tungoje zitulie, kisha kila mmoja anisomee nambari iliyo chini ya neno Disk, tukianzia kwako, mama, hapo karibu na dirisha.