Miguu ya Mgonjwa wa Baridi Yabisi



Katika vijiji vya delta, kuanzia Nyamisati hadi Mbuchi, mtu huishi kwa nguvu ya miguu yake: hushuka mtumbwini na kukanyaga tope, hupanda mpunga, hupita kati ya mizizi ya mikoko. Kwa hiyo maumivu ya miguu huhesabiwa kuwa uchovu tu, na hapo ndipo baridi yabisi inapojificha. Jina lenyewe huwapotosha wengi. Ugonjwa huu hauletwi na ubaridi wala na maji ya shambani. Ni kinga ya mwili inayoushambulia utando laini wa ndani ya viungo.

Mara nyingi huanzia kwenye viungo vidogo vya mikono, na mguuni pale vidole vinapoungana na wayo. Mgonjwa huamka viungo vimekakamaa kwa saa nzima au zaidi, na akikanyaga huhisi kana kwamba ana changarawe ndani ya kiatu. Kwa kawaida huuma miguu yote miwili. Jongo ni jingine: huja ghafla, aghalabu usiku, kwenye kidole gumba cha mguu mmoja. Matende nayo huvimbisha mguu wenyewe, si kiungo. Tena iko chikungunya, neno la Kimakonde lenye maana ya kupindika, lililojulikana duniani baada ya mlipuko wa 1952 huko kusini. Nayo huweza kuacha maumivu ya vifundo kwa miezi mingi. Basi mhudumu wa zahanati aelezwe iwapo homa ilitangulia.

Ugonjwa usipotibiwa, vidole hupinda na kupandana, nyayo zikaota sugu. Sugu isikatwe kwa wembe, kwa kuwa dawa za ugonjwa huu hupunguza kinga, na jeraha dogo lililoingia tope huweza kuoza. Miguu ioshwe, ikaushwe hadi katikati ya vidole, ikaguliwe kila jioni. Kandambili hazivifai vidole vilivyopinda. Afadhali makubazi mapana yenye ukanda wa kisigino, ambayo fundi viatu aweza kuyashona kwa kipimo cha mguu husika.

Methotreksati humezwa mara moja kwa wiki. Kuimeza kila siku kumeua watu. Prednisoloni hutuliza upesi, ndiyo maana hukimbiliwa madukani, lakini ikitumiwa muda mrefu hudhoofisha mifupa, wala haiachwi ghafla. Anayesubiri maji kujaa ndipo chombo kiondoke, aombe mapema dawa za kuvukia masika. Na akiona jeraha lenye joto au usaha, asingoje tarehe ya kliniki.