Wizi Ambao Watazamaji Hawakuuona



Mwaka 1549 Askofu Hugh Latimer alihubiri mbele ya Edward wa Sita, mfalme kijana wa Uingereza, akamsimulia kisa kilichokuwa kikimkera. Siku moja, akiwa safarini kutoka London, alituma ujumbe katika mji fulani kwamba kesho yake, kwa kuwa ni sikukuu, angehubiri kanisani kwao. Alipofika alikuta mlango umefungwa. Akangoja nusu saa na zaidi, ufunguo ukitafutwa. Mwishowe akaja mtu wa pale akamweleza kwamba leo haiwezekani, ni siku ya Robin Hood, na parokia nzima imetoka kumchangia. Askofu akawapisha watu wa Robin Hood, akaenda zake.

Miaka mia moja hivi kabla yake, Walter Bower, abate wa Scotland, alikwisha kuandika kwa dharau kwamba watu wajinga wanapenda kupita kiasi michezo na nyimbo za Robin Hood na Little John. Kwa hiyo wahakiki wa kwanza wa hadithi hii ninaowafahamu mimi walikuwa watu wa kanisa, na wote wawili walishindwa na hadhira. Nimewatanguliza ili tusidhani kwamba ubishi kuhusu Robin Hood ulianza na sinema. Sinema iliukuta.

Filamu ninayotaka tuitazame ni Robin Hood: Prince of Thieves, ya mwaka 1991, iliyoongozwa na Kevin Reynolds, steringi akiwa Kevin Costner. (Natumia neno “steringi” kwa makusudi. Ni neno la watazamaji wetu, na Kiswahili cha vitabuni bado hakijapata la kulishinda.) Iliingiza takriban dola milioni 390 duniani kote. Wimbo wake, ulioimbwa na Bryan Adams, ulikaa namba moja Uingereza kwa wiki 16 mfululizo. Lakini waulize waliolipa kiingilio, wengi wataanza kukuhesabia kasoro. Watu waliijaza mifuko ya watengenezaji huku wakiwasema, na kusema huko ndiko nilikokuja kukuchambua.

Lalamiko lililovuma kuliko yote ni lafudhi. Costner ni Mmarekani wa California. Katika filamu anajaribu Kiingereza cha Waingereza, anakiacha, kisha kinamrudia kama homa ya vipindi. Hawakumsamehe. Tuzo ya dhihaka ya Golden Raspberry ikamtangaza mwigizaji mbaya kuliko wote wa mwaka. Miaka miwili baadaye Mel Brooks alitoa filamu ya mzaha, Robin Hood: Men in Tights, ambamo Cary Elwes, Mwingereza, anajigamba kwamba yeye, tofauti na Robin Hood wengine, anaweza kusema kwa lafudhi ya Kiingereza. Nung’uniko la mtazamaji likapanda jukwaani, likawa sehemu ya hadithi yenyewe.

Lakini walidai lafudhi ipi? Mfalme Richard, Moyo wa Simba, alitawala kuanzia 1189 hadi 1199, na katika miaka kumi hiyo siku zake ndani ya Uingereza, ukizijumlisha zote, hazifiki mwaka mmoja. Lugha zake zilikuwa za Ufaransa. Kiingereza cha wakulima wake, Mwingereza wa leo hakielewi bila kukisomea. Lafudhi iliyokuwa masikioni mwa wadai ni ya The Adventures of Robin Hood ya 1938, na steringi wa filamu hiyo, Errol Flynn, alizaliwa Hobart, Tasmania. Msitu wake wa Sherwood ulipigwa picha California, nyumbani kwa Costner.

Huku kwetu lalamiko hilo halikuwapo kabisa. Mimi niliiona filamu hii kwenye kibanda cha video, tumebanana juu ya mabenchi, mkanda umechakaa mpaka picha zinatetemeka, na mtafsiri ameshika kipaza sauti, kama Lufufu alivyokuwa akifanya Dar es Salaam. Robin, mfalme na walinzi wa ngome wote walisema Kiswahili kimoja, cha mtafsiri, na matusi yao yalikuwa ya mtaani petu. Ubishi wa kibanda kile ulihusu jambo jingine: kama mtu anaweza kweli kupiga mishale miwili kwa mpigo.

Jiografia nayo iliwaudhi Waingereza. Robin anarudi kutoka vitani na kutua kwenye majabali meupe ya pwani ya kusini, anasema watakuwa nyumbani kabla ya usiku kuingia, na muda si muda yuko kwenye Ukuta wa Hadrian, zaidi ya kilomita 200 kaskazini ya Nottingham anakokwenda. Ni sawa na mtu kushuka Mtwara akiahidi chakula cha jioni Morogoro, halafu ukamwona Arusha. Walicheka sana, na walikuwa na haki. Ila pale ukutani palikuwa na mti mmoja wa mkuyu wa Kizungu, umesimama peke yake kwenye bonde, na baada ya filamu ile watu wakauita Mti wa Robin Hood. Wakaenda kupiga picha chini yake, wengine wakachumbiana hapo. Septemba 2023 watu wawili waliukata usiku kwa msumeno, wakaishia gerezani, na nchi ikaomboleza. Mahali pasipohusika na Robin Hood kwa lolote pamekuwa pake.

Nije kwa Liwali. Wenzangu wengine humwita “sherifu wa Nottingham”, neno ambalo masikioni mwa mtu wa pwani linamkaribia mno sharifu, na mtu huyu usharifu hana. Liwali ndiye hasa: mtu wa mfalme aliyewekwa juu ya mji, akakusanya kodi, akafunga watu. Alan Rickman alimwigiza kwa kufoka, kukebehi na kung’aka, kana kwamba ndani ya ukumbi ule ni yeye tu aliyekwisha kujua kuwa filamu ni ya kipuuzi. Watazamaji walisema adui amemwibia steringi filamu. Hapo siwapingi hata kidogo. Na akademia ya filamu ya Uingereza, BAFTA, ilimpa tuzo ya mwigizaji msaidizi.

Halafu kuna Azeem, Mwislamu mweusi aliyechezwa na Morgan Freeman, anayefuatana na Robin kwa sababu ana deni la uhai kwake. Wapo waliouliza anatafuta nini Sherwood. Swali lao lina nusu ya haki. Darubini aliyonayo haikuwapo duniani kabla ya karne ya 17, na katika ngano za kale hakuna mtu kama yeye. Lakini Marian naye hamo katika A Gest of Robyn Hode, utenzi mrefu wa Robin uliopigwa chapa karibu na mwaka 1500. Marian alitoka kwenye michezo ya wachungaji ya Kifaransa, akaingia Uingereza, akaozwa Robin na wachezaji wa sherehe za Mei. Mfalme wa utenzi ule anaitwa Edward. Richard aliingizwa na John Major, mwanahistoria wa Scotland, mwaka 1521. Azeem ana mzazi wake pia: Nasir, Msarasini wa mfululizo wa televisheni wa Robin of Sherwood, ulioanza mwaka 1984. Baada yake akaja mwingine, na mwingine, hadi Jamie Foxx mwaka 2018. Baada ya miaka mia moja mtu atalalamika kwamba filamu mpya imemwacha Azeem, na ataapa kuwa alikuwamo tangu zamani.

Sasa niseme nililojia. Katika utenzi ule wa kale Robin si lodi. Ni mtu wa tabaka la kati: si mtwana, si mwinyi, ana uhuru wake na upinde wake. Babaye hatajwi. Mwaka 1598 ndipo mtunzi wa tamthilia Anthony Munday alipompa cheo, akamfanya Eli wa Huntington, mwinyi aliyedhulumiwa. Kisha riwaya ya Walter Scott, Ivanhoe, ikaeneza jina la Locksley na ugomvi wa Wasaksoni na Wanormani. Sinema ikavichukua vyote viwili. Douglas Fairbanks mwaka 1922 ni eli. Flynn ni Sir Robin wa Locksley. Costner ni mtoto wa lodi mwenye ngome, na anaingia msituni kwa sababu Liwali amemuua baba yake na kuichoma ngome hiyo.

Iangalieni tena sehemu ya kuingia msituni. Watoro wamo tayari, wana kiongozi wao, Little John, na wanaishi. Anakuja mtoto wa bwana, anapigana na John mtoni kwa fimbo, anashinda, na kuanzia hapo anaamuru. Wakulima wanafundishwa kurusha mishale na mtu ambaye baba yake ndiye waliyekuwa wakimlimia. Yumo mmoja tu anayehoji kwa nini wamfuate tajiri aliyefilisika: Will Scarlett, aliyechezwa na Christian Slater. Kwangu mimi ndiye mtu mwenye akili kuliko wote katika filamu ile. Na waandishi wanamfanyaje? Wanagundua kwamba ni ndugu yake Robin kwa baba, mtoto wa mwanamke mkulima. Wanakumbatiana. Swali la ardhi na utawala limegeuzwa kuwa ugomvi wa urithi kati ya ndugu wawili, na limekwisha. Mwishoni mfalme anatokea arusini, na mambo yote yanarudi yalipokuwa.

Katika malalamiko yote niliyoyasoma kwa miaka mingi, ya magazetini na ya watu wa kawaida, hili ndilo adimu kuliko yote. Walihesabu makosa ya lafudhi neno kwa neno. Mkulima kuporwa shujaa wake kukapita bila kelele.

Mwaka 2010 Ridley Scott alijaribu kumrudisha. Russell Crowe ni Robin Longstride, mpiga mishale wa kawaida, mtoto wa mwashi. Watazamaji waliinunia: haina furaha, msitu unaonekana mwishoni, na Wafaransa wanatua ufukweni kwa mashua zilizowakumbusha watu Normandy ya 1944. Ya lafudhi hayakukosa. Crowe aliinuka akaondoka kwenye mahojiano ya BBC alipoambiwa inasikika kama ya Kiayalandi. Nami nilisinzia, sitaficha. Lakini hata huyo mtoto wa mwashi anasafiri kwa jina la Robert Loxley, sir aliyekufa njiani, na mwashi mwenyewe anakuja kugundulika kuwa ndiye aliyetunga hati ya haki za watu. Mtu wa kawaida asiye na baba mkubwa bado hakuruhusiwa kupita.

Najua mnangoja nimtaje Fumo Liyongo, shujaa wa tenzi zetu. Namtaja kwa jambo moja tu: kifo. Robin wa ngano aliuawa na jamaa yake, mkuu wa watawa wa Kirklees, aliyemtoa damu kwa kisingizio cha kumtibu. Liyongo alichomwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe. Watazamaji wa vibanda wana sheria yao kwamba steringi hafi, na Hollywood inaitii. Robin and Marian ya 1976, iliyomuua, ndiyo niipendayo kuliko zote, na wengi waliomo humu hawajaiona.

Kwa wanafunzi wa idara yangu nina ombi. Maoni ya watazamaji wa London na New York yamo kwenye magazeti yao, na mwenye haja atayakuta. Maoni ya vibanda vyetu yalisemwa kwa sauti, gizani, juu ya kelele za jenereta. Wapo watafsiri wa zama zile walio hai, na wenye vibanda, na waliokuwa wakikaa benchi la mbele. Waendeeni na kinasa sauti mwaka huu huu. Na mkifika, msiwaulize kama filamu ilikuwa nzuri. Waulizeni walimshangilia nani.