Kununua Nyumba ya Urithi: Tupatane na Nani?

(Mazungumzo kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia)

Kikundi kimeweka akiba, sasa chataka nyumba ya kupangisha, na inayopatikana ni ile ambayo mwenyewe alifariki.

Tuseme mzee aliacha nyumba ya vyumba 6 hapo sokoni. Kifungua mimba wake anamjia mwekahazina wetu na taitodidi mkononi. Ataka shilingi 1,800,000, na leo anahitaji 200,000 tu "za kufunga maneno". Je, tumpe?

La. Hati hiyo ina jina la marehemu, na marehemu hauzi. Kwa Sheria ya Urithi ya Kenya (Sura ya 160), iliyoanza kutumika mwaka 1981, hata msimamizi aliyeteuliwa na korti hana ruhusa ya kuuza ardhi wala nyumba mpaka uteuzi wake uthibitishwe. Kwa kawaida uthibitisho huombwa baada ya miezi 6. Anayeingilia mali ya marehemu bila idhini afanya kosa la kufungwa au kutozwa faini. Barua ya chifu husaidia korti kuwajua warithi, haiuzi ploti! Kabla ya uthibitisho tunaweza kuzungumza bei, lakini sahihi na pesa zingoje. Na cheti kikitoka tukisome: ni nani hasa aliyepewa nyumba?

Mabinti walioolewa nao ni warithi. Wengi husema, "Dada zetu hawana shida." Haya basi, kama hawana shida waje tuwasikie wenyewe. Mama mjane ndiye wa kwanza kuulizwa.

Sasa bei. Vyumba 6 kwa shilingi 2,000 kila mwezi ni 144,000 kwa mwaka, ikiwa hakuna kilichokaa kitupu. Pesa zetu zitarudi baada ya miaka 12 na nusu, na hapo hatujahesabu mabati, choo wala ushuru. Tuwaonyeshe jamaa hesabu hii waziwazi, ndiyo njia ya kuomba wapunguze. Lakini kuwabana kwa sababu wana deni la mazishi, hayo si mapatano, na jamaa iliyopunjwa haikawii kwenda kortini.

Mkataba uwe wa maandishi, wenye sahihi za pande zote na za mashahidi. Kabla ya hapo tufanye sachi katika ofisi ya ardhi, tujue kama hati imewekwa rehani. Arubuni mara nyingi ni sehemu moja ya kumi. Ikae kwa wakili. Kama ploti iko katika ardhi ya kilimo, kibali cha Bodi ya Ardhi kiombwe kabla ya miezi 6 kupita tangu mkataba, na iandikwe kwamba kikikataliwa arubuni yarudi yote.

Tena, kodi ya wapangaji itapokewa na nani mpaka siku tutakapoandikishwa? Na mama, ikiwa angali katika chumba cha nyuma, atakaa hadi lini, kwa kulipa au bure? Hilo nalo liandikwe, naye awepo likisomwa, kwa lugha anayoielewa.